Krismasi ya kijani: mwongozo kamili wa kupamba nyumba kwa mimea hai na miti isiyo ya kawaida

Kabla hujatoka kwenda kununua mti, zunguka kwanza nyumbani mwako uangalie ulicho nacho. Mtende mdogo wa chungu ulio karibu na dirisha, drasena iliyokaribia dari, mshubiri uliozaa hadi chungu hakiutoshi tena, rozimari ya jikoni: wowote kati ya hiyo unaweza kubeba Krismasi. Mti huonekana wa Krismasi kwa sababu ya mambo matatu: umbo linalopanda na kuchongoka, mwanga, na kuwekwa mahali ambapo jicho la anayeingia linatua moja kwa moja. Hakuna hata jambo moja hapo linalodai mti ukatwe.

Kutafuta njia nyingine si jambo geni. Ujerumani, katika karne ya 19, watu walitengeneza miti ya Krismasi kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani na kuzungushiwa kwenye waya, wakati ambapo ukataji wa misonobari ulikuwa umeanza kuwatia watu wasiwasi juu ya misitu. Miti ile ilikunjwa, ikawekwa sandukuni na kutumika tena mwaka uliofuata.

Kila hatua iliyomo humu imepimwa kwa sharti moja: mmea ulioingia Desemba ukiwa hai, uingie Januari ukiwa hai. Nalisisitiza kwa sababu mapambo mengi ya mimea huvutia kwa wiki moja, kisha yakamwachia mwenye nyumba chungu cha majani ya njano. Si lazima iwe hivyo.

Chagua mahali kwanza

Watu wengi huanza na mapambo, wakamalizia na swali la mti ukae wapi. Geuza mpangilio huo. Simama mlangoni utazame chumba, kisha ujiulize ni pembe ipi unaiona kwanza. Halafu ipime kwa mambo manne: inapata mwanga wa dirisha kiasi gani, iko umbali gani na kitu chochote chenye joto, hewa ya kiyoyozi au ya mlango inaipiga moja kwa moja au la, na waya wa umeme utafika bila kukatiza njia ya watu.

Kuhusu joto, acha angalau mita 1 kati ya mmea na jiko, hita au mshumaa. Hewa kavu inayotoka kwenye hita au kiyoyozi hukausha ncha za majani kwa siku chache tu, hata ukimwagilia kila siku.

Ikiwa pembe nzuri kuliko zote ni ya giza, usiulazimishe mmea hai ukae hapo mwezi mzima. Hapo ndipo penye nafasi ya mti wa matawi makavu au wa vijiti, ambao nitaueleza hapa chini kwa kirefu. Mimea hai ipe madirisha. Gawa kazi namna hiyo na nusu ya matatizo yatakuwa yameisha kabla hujafungua boksi la mapambo.

Ukishaamua, hamisha mmea mapema, wiki mbili au tatu kabla ya kuupamba. Mimea huchukua muda kuzoea mwanga mpya. Fikasi ya majani madogo, Ficus benjamina, inajulikana sana kwa tabia ya kupukutisha majani kila inapohamishwa. Ukiihamisha tarehe 23 Desemba, majani yatakuwa sakafuni sikukuu yenyewe. Ukiihamisha mwishoni mwa Novemba, itakuwa imetulia.

Hesabu wiki kwa kurudi nyuma

Mimea ya maua haiendi kwa haraka zako. Ukitaka ichanue wakati wa Krismasi, anza na tarehe 25 Desemba kisha hesabu kurudi nyuma.

Kitunguu cha amarilisi, ua kubwa linalochipuka kutoka kwenye kitunguu, huchukua kwa kawaida wiki 6 hadi 8 tangu kupandwa hadi kuchanua, kwa hiyo kipande mwanzoni mwa Novemba. Tumia chungu kinachozidi upana wa kitunguu kidogo tu, acha theluthi ya juu ya kitunguu ikiwa nje ya udongo, mwagilia kidogo mpaka chipukizi litokeze, ndipo uongeze maji. Nargisi nyeupe za ndani ni rahisi zaidi: panga vitunguu vyake kwenye bakuli lenye kokoto, tia maji yaguse kitako tu cha kitunguu, na baada ya wiki 3 hadi 5 utakuwa na maua. Maji yakipanda na kukizunguka kitunguu, kinaoza.

Poinsetia, ule mmea wa chungu wenye majani mekundu kileleni, ukiinunua ikiwa tayari nyekundu haihitaji hesabu. Lakini ukitaka ile uliyobaki nayo mwaka jana iwe nyekundu tena, lazima ipate giza totoro la takriban saa 14 kila usiku kwa wiki 8 hadi 10. Kwa Krismasi, hiyo ina maana ya kuanza mwanzoni mwa Oktoba. Ifunike kwa boksi jioni, ifunue asubuhi, mchana ikae kwenye mwanga mwingi. Giza hilo halitaki kukatizwa. Taa ya sebule inayowashwa usiku inatosha kuuvuruga mpango mzima.

Mimea inayostahili nafasi ya kwanza

Kama utanunua mmea mmoja tu, napendekeza ule unaoitwa msonobari wa Norfolk, Araucaria heterophylla. Kwa kweli si msonobari, bali ni wa ukoo mwingine, na asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Australia na New Zealand, ambako baharia Mwingereza James Cook aliukuta mwaka 1774. Una kila kitu ambacho watu wanakitafuta kwenye mti wa Krismasi: shina lililonyooka, matawi yanayotoka kwa ngazi zilizopangika, na rangi ya kijani inayodumu. Tofauti ni kwamba huu unaishi ndani ya nyumba kwa miaka mingi.

Unataka mwanga mwingi usio wa jua kali, udongo wenye unyevunyevu lakini usiotota, na hewa isiyo kavu mno. Zungusha chungu robo mduara kila wiki, la sivyo mti utaegemea dirishani na kupoteza umbo. Matawi ya chini yakikauka na kuanguka hayaoti tena, na kilele ukikikata mti hauna njia ya kurudisha umbo lake la asili, kwa hiyo usiupogoe kama unavyopogoa ua. Chungu cha dukani mara nyingi huwa na miche mitatu minne iliyopandwa pamoja ili ionekane mti mmoja mnene. Iache hivyo, maana mizizi yake haipendi kutenganishwa. Jambo la mwisho: chunguni huu ni mti wa kiasi, lakini ardhini, kwenye hali ya hewa inayoufaa, huweza kupita mita 50. Usije ukauhamishia nje karibu na ukuta wa nyumba.

Baada ya huo ninaipa nafasi poinsetia. Ilitoka Meksiko, ambako Waazteki waliiita cuetlaxochitl, na jina linalojulikana leo limetokana na Joel Poinsett, mwanadiplomasia wa Marekani aliyepeleka mimea hiyo nchini kwake miaka ya 1820. Zile sehemu nyekundu si maua bali ni majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya njano vilivyo katikati. Hilo lina faida kwako unaponunua: chagua yenye vidude hivyo vya katikati vikiwa bado vimefumba au ndiyo kwanza vinafunguka. Vikiwa vimeshapukutika, hata kama wekundu unang'aa, mmea huo umeshamaliza sehemu kubwa ya muda wake. Ifungie vizuri wakati wa kuisafirisha kama nje ni baridi, kwa sababu baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huiumiza.

Kaktasi ya Krismasi ni ya watu wenye subira. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti mingine, na ndiyo maana haitaki ukame kama kaktasi wa jangwani. Ikishatoa vichomozi vya maua, usiiguse. Kuihamisha, kuigeuza au kuipeleka penye joto huifanya idondoshe vichomozi. Iweke mahali pake kabla havijatokea, na uipambe kwa kupamba kilicho chini yake: sinia, kitambaa, mawe meupe, taa ndogo zilizozunguka chungu.

Rozimari iliyopogolewa ikachongoka kama mti mdogo inafaa mezani, na harufu yake hujitokeza kila mkono unapoigusa. Inataka jua, baada ya siku kumi ndani irudishe nje.

Kuupamba mmea wenye majani bila kuuumiza

Hapa ndipo mimea mingi inapoharibikiwa, kwa hiyo fuata mpangilio.

1. Siku moja kabla, mwagilia vizuri na uache maji yatiririke yaishe. Mmea wenye kiu una matawi malegevu, na hutaki kumwagilia juu ya nyaya siku ileile uliyozifunga.

2. Futa majani. Chovya kitambaa laini kwenye maji matupu, kikamue, kisha shikilia jani kwa chini kwa kiganja kimoja huku mkono wa pili ukifuta kutoka shinani kwenda nchani. Usitumie mafuta ya kung'arishia. Jani safi huakisi mwanga wa taa kiasi kwamba utahitaji mapambo machache zaidi.

3. Kata majani makavu na yaliyokufa kwa mkasi safi.

4. Chomeka vijiti vyembamba vya mwanzi kwenye udongo, vitatu au vinne, karibu na ukingo wa chungu ili usitoboe mizizi mikubwa. Vielekeze vikutane juu, uvifunge kwa uzi. Sasa una umbo la mti. Hatua hii inarukwa na wengi, nami naiona ndiyo ya muhimu kuliko zote, kwa sababu kuanzia hapa mzigo unabebwa na vijiti na mmea hauvutwi.

5. Zungusha taa kwenye vijiti kuanzia chini, zikiwa zimezimwa. Pitisha waya nyuma ya majani ili mwanga utoke ndani ya mmea. Taa zikikaa kwa ndani, hata mmea mdogo huonekana umeshiba.

6. Tundika mapambo mepesi: karatasi iliyokunjwa, nyota za majani makavu, mipira ya sufi, vipande vya kitambaa. Jaribio langu ni hili: tundika pambo kwenye tawi, liachie, utazame. Tawi likishuka zaidi ya upana wa vidole viwili, pambo hilo ni zito, lihamishie kwenye kijiti.

Taa ziwe za LED. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipouwasha mti wake New York kwa globu 80 za umeme, globu zilikuwa za waya unaowaka kwa joto, na kwa miongo mingi baadaye taa za Krismasi ziliendelea kuwa za namna hiyo. Joto hilo ndilo linalochoma majani. Taa ya LED haipati joto la kudhuru jani, na ile ya betri inakuondolea waya wa ukutani karibu na maji.

Usipulizie kitu chochote kwenye mmea hai: wala rangi, wala theluji ya kopo, wala vumbi la kumetameta. Jani linapumua kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitu hivyo huviziba na kulikinga jani na mwanga. Vilevile karatasi za kung'aa zinazofungwa kwenye vyungu vya dukani hushikilia maji kitakoni. Zitoboe kwa chini na uweke sahani, au uziondoe kabisa na kukizungushia chungu kitambaa au kamba ya katani.

Kwa mimea isiyo na matawi, punguza. Sansevieria inatosheka na utepe mmoja kwenye chungu na uzi wa taa kati ya majani. Mshubiri na kaktasi wenye miiba wawekee nyota moja juu ya kijiti kilichochomekwa udongoni. Monstera yenye majani makubwa haihitaji pambo hata moja. Iangazie kwa chini, nawe utaona kivuli cha majani yake ukutani.

Mti wa vyungu juu ya ngazi

Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unakusanya mimea yote ya nyumba na kuifanya mti mmoja.

Tafuta ngazi ya kukunja inayosimama yenyewe kwa miguu minne, ya urefu wa mita 1.5 hivi. Ifungue, kisha funga kamba imara kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ili isiweze kuteleza na kutanuka zaidi. Pitisha mbao kutoka daraja la mbele hadi daraja la nyuma lililo kwenye kimo kilekile, zikitokeza kila upande: za chini zitokeze sana, za juu kidogo. Zifunge kwa waya au kwa kamba, usizilaze tu. Kama kuna watoto wadogo au paka anayepanda, funga na ngazi yenyewe kwenye ndoano ya ukutani.

Panga vyungu kwa uzito. Vizito kabisa vikae sakafuni kuzunguka miguu, vinavyofuata kwenye mbao za chini, na juu kabisa mmea mmoja mdogo uliosimama wima: rozimari, mche wa msonobari wa Norfolk, au amarilisi inayochanua. Mimea inayotambaa na kuning'inia, kama pothosi, ikae kwenye ncha za mbao ili mashina yake yafunike mbao na kuunganisha daraja moja na jingine. Poinsetia ziweke tatu tu, kwa mshazari, moja chini, moja katikati na moja karibu na juu upande wa pili. Ukizisambaza kila mahali, macho hayajui pa kutulia.

Kila chungu kiwe na sahani yake. Hili si la urembo: chungu cha juu kisipokuwa na sahani kitaumwagia maji mmea wa chini, na waya, na sakafu. Siku ya kumwagilia shusha vyungu vya juu, vimwagilie kwenye sinki, viache vichuruzike, ndipo uvirudishe.

Vyungu vya rangi tofautitofauti huvuruga umbo. Vifunike vyote kwa kitambaa cha aina moja. Ukimaliza, rudi nyuma hatua kadhaa, ufumbe macho nusu. Utaona tu umbo la jumla: kama pana pengo jeusi, ongeza jani hapo, kama upande mmoja umevimba, sogeza chungu. Taa ziwe za mwisho, zikipanda kwa kuzunguka kutoka sakafuni hadi kileleni.

Mti wa vijiti wa kutundika ukutani

Unafaa chumba kidogo, pembe ya giza, na nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea, maana hauna kitu sakafuni.

Okota vijiti vikavu, vya unene wa kidole gumba, vilivyonyooka kiasi. Vigongegonge ili wadudu watoke, kisha vianike juani siku kadhaa. Utahitaji vijiti 9. Cha chini kiwe sentimita 90, na kila kinachofuata kipungue sentimita 10: 80, 70, 60, hadi cha juu chenye sentimita 10. Ukiacha sentimita 15 kati ya kijiti na kijiti, mti utakuwa na urefu wa sentimita 120, bila kuhesabu kitanzi cha juu.

Kata kamba ya katani ya mita 6, uikunje katikati. Kwenye mkunjo huo funga kitanzi kidogo. Hicho ndicho kitakachoshika msumari. Sasa una kamba mbili zinazoshuka, ya kushoto na ya kulia. Panga vijiti vyote sakafuni kwa mpangilio wake, na uweke alama ya penseli sentimita 4 kutoka kila ncha. Kwenye kijiti cha juu, kilicho kifupi, sentimita 2 zinatosha.

Fundo ni hili. Zungusha kamba kwenye kijiti mara moja, ivushe juu ya yenyewe ifanye msalaba, zungusha mara ya pili, halafu pitisha ncha chini ya msalaba huo na uvute pande zote mbili. Uzuri wake ni kwamba kabla hujalikaza kabisa unaweza kulisogeza kulia au kushoto, kijiti kikalala sawa. Funga kushoto, funga kulia, pima sentimita 15 pande zote mbili, uende kwenye kijiti kinachofuata. Usimalize upande mmoja wote kwanza, mti utapinda. Ukifika kijiti cha tano, uinue wote kwa kitanzi utazame kama umekaa sawa kabla ya kuendelea.

Kwa kuwa ni mti wa vijiti vikavu, ukijani unauongeza wewe. Chukua vichupa vidogo vya kioo, vifunge shingo kwa waya mwembamba, uvining'inize kwenye vijiti, utie maji hadi nusu na uchomeke kipande cha pothosi chenye kifundo kimoja (pale jani linapotokea shinani) kikiwa ndani ya maji. Mizizi huanza kutoka kifundoni, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne, nawe utaiona kupitia kioo. Ongeza maji kila yanapopungua. Januari kila kichupa kina mche wa kupanda.

Miti mingine ya haraka

Tawi kavu lenye vijitawi vingi linasimama vizuri kwenye ndoo iliyojazwa mawe chini na mchanga juu. Lisukume kwa kidole kileleni kabla ya kulipamba. Likiyumba, ndoo ni nyepesi au nyembamba. Ukilipaka chokaa, taa zitaonekana maradufu.

Pembetatu ya taa iliyobandikwa ukutani, au vitabu vilivyopangwa vikubwa chini na vidogo juu, havihitaji maelezo marefu. Vikamilishe kwa chungu kimoja hai pembeni, la sivyo hubaki vikavu.

Shada la mlangoni

Tengeneza duara la waya mgumu lenye kipenyo cha sentimita 30. Andaa mafungu 14 hivi ya majani, kila fungu vijitawi vitatu au vinne vya sentimita 12 hadi 15. Mvinje, mkaratusi, msonobari, mzeituni na rozimari hukauka bila kupoteza sura, kwa hiyo ni bora kuliko majani laini yanayonyauka siku ya pili. Funga fungu la kwanza kwenye duara kwa waya mwembamba, bila kuukata waya. Weka la pili lifunike mashina ya la kwanza, zungusha waya mara tatu, endelea kwa upande uleule hadi urudi ulikoanzia. Mashina ya fungu la mwisho yaingize chini ya majani ya la kwanza.

Kwa rangi, kata machungwa vipande vya unene wa milimita 5, uyakaushe ndani ya oveni kwa nyuzi 100 hivi kwa saa tatu au nne ukiyageuza mara kwa mara, mpaka yawe makavu na mwanga upite ndani yake. Shada likiwa mahali pa kivuli na likinyunyiziwa maji asubuhi, hukaa vizuri hadi baada ya sikukuu.

Lile shada la meza lenye mishumaa minne ya majilio, yaani Jumapili nne kabla ya Krismasi, lilianzia kwa Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Hamburg, mwaka 1839; lake lilikuwa gurudumu la mbao, lenye mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku nyingine. Ukitengeneza la majani, tumia mishumaa ya betri. Majani yaliyokaa ndani wiki tatu yamekauka, na hushika moto mara moja.

Watoto, wanyama na moto

Poinsetia imesingiziwa mno kuwa ni sumu ya kuua. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na mnyama akiitafuna anaweza kutapika, lakini si mmea wa kukufanya ukose usingizi. Wa kuogopa ni yungiyungi kama una paka: hata chavua anayoilamba kwenye manyoya yake inaweza kuharibu figo na kumuua. Kitunguu cha amarilisi na cha nargisi ni sumu kikiliwa, na matunda ya limbo (mmea unaoota juu ya miti mingine) na ya holi (kichaka cha majani yenye miiba) yasiachwe mahali mtoto anapofikia. Mnyaa una matawi yanayovutia kupambwa, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa, usiulete ndani. Kaktasi ya Krismasi, kwa upande mwingine, haina madhara kwa mbwa wala paka.

Zima taa unapolala na unapotoka. Kama bado umechagua mti wa kukatwa, kata upya sentimita 2 au 3 za kitako kabla ya kuusimamisha, uutie majini mara moja, na ukague maji kila siku. Siku ya kwanza hunywa kuliko unavyotarajia.

Baada ya sikukuu

Ondoa mapambo kwa mpangilio wa kinyume: mepesi kwanza, taa baadaye, vijiti mwisho. Futa majani tena, kisha rudisha mmea kwenye mwanga wake wa kawaida polepole, usiutoe ndani ukaupeleka moja kwa moja kwenye jua la mchana. Mti wa vijiti unaviringwa kuanzia chini na kuwekwa juu ya kabati.

Poinsetia endelea kuimwagilia udongo unapoanza kukauka kwa juu. Rangi ikiisha na majani yakipukutika, ikate ibaki na urefu wa sentimita 15, uipe chungu kipya na mbolea kidogo inapochipua. Amarilisi iliyomaliza kuchanua kata shina la ua peke yake, majani yaache, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu. Kimwagilie na kukitia mbolea kwa miezi kadhaa, kisha acha kumwagilia, majani yakauke, na kitunguu kipumzike mahali pakavu penye giza kwa wiki 8 hadi 10. Ili kiwahi Krismasi inayofuata, pumziko hilo lianze mwishoni mwa Agosti, nacho kirudi kwenye mwanga na maji mwanzoni mwa Novemba.